Kaunta ya mkono: kuhesabu inajua, kulinganisha haijui

Kaunta ya mkono ni kile kidude cha chuma kinachojaa kiganjani, chenye kidirisha cha tarakimu nne, kibonyezo cha kidole gumba juu, kifundo cha kuzungusha ubavuni na pete ya kupitisha kidole. Bonyeza mara moja, namba inapanda moja. Zungusha kifundo, inarudi 0000. Basi. Haijumlishi, haigawanyi, haina betri, na mtoto wa darasa la kwanza anaielewa kabla hujamaliza kumweleza.

Kwenye boksi lake huandikwa kwa Kiingereza "tally counter". Maneno hayo mawili tuyaangalie kabla ya kifaa chenyewe, maana lile la kwanza limebeba ahadi ambayo kifaa hakiitimizi.

Tally kwa Kiingereza cha leo ni hesabu inayojengwa moja moja, kadiri vitu vinavyopita mbele yako. Lakini pia ni kitenzi: hesabu za watu wawili zikilingana, husemwa zime-tally. Kuhesabu na kuoana, neno moja. Maana hizo mbili zilitoka kwenye kijiti.

Asili ya neno ni Kilatini, talea: kipande cha mti kilichokatwa, ufito. Likapitia Kilatini cha zama za kati na Kifaransa kilichosemwa Uingereza, na katika karne ya 15 likawa limeshaingia Kiingereza kwa maana ya kijiti kilichopigwa chale kuonyesha deni au malipo. Ukoo wake wote ni wa kukata. Tailor, yaani fundi wa nguo, asili yake ni mkataji. Retail, biashara ya rejareja, ni kukata kipande kutoka kwenye kitu kizima na kukiuza hicho kipande.

Aliyekitumia kijiti hicho kwa muda mrefu sana ni Hazina ya Uingereza, iliyoitwa Exchequer kwa sababu meza yake ya hesabu ilitandikwa kitambaa cha miraba kama bao la drafti. Kanuni za kupiga chale ziliandikwa zamani za Mfalme Henry II, karne ya 12, na hazikuacha nafasi ya kubahatisha. Pauni 1,000 ilikuwa chale yenye upana wa unene wa kiganja. Pauni 100, unene wa kidole gumba. Pauni 20, kidole cha mwisho. Pauni 1, punje ya shayiri iliyoiva. Shilingi ilikuwa nyembamba kuliko hiyo, na peni ilikuwa mkato wa kisu tu, usiobandua hata kibanzi. Anayejua kusoma na asiyejua wote waliipata hesabu kwa kupitisha kidole.

Chale zikishapigwa, kijiti kilipasuliwa kwa urefu, ufa ukipita katikati ya chale zote, kila kipande kikabaki na nusu ya kila moja. Kipande kirefu chenye mpini kiliitwa stock, akaondoka nacho aliyelipa. Kifupi, foil, kilibaki Hazina. Siku ya ukaguzi vipande viliwekwa pamoja. Aliyejiongezea chale upande wake alionekana papo hapo, kwa kuwa upande wa pili hapakuwa na kitu. Aliyechonga kijiti kipya alikwamishwa na nyuzi za mti, kwani hakuna vijiti viwili vinavyopasuka sawasawa. Hapo ndipo kuhesabu kulipokuwa pia kuoana. Neno stock ndilo Waingereza wanaloitia hati za mikopo ya serikali yao hadi leo.

Utaratibu huu ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1782, lakini ukaendelea kujikokota hadi 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 shehena ya mikokoteni miwili ya vijiti ilichomwa kwenye tanuri zilizokuwa chini ya Bunge la Malodi, moto ukazidi, na jengo la Bunge la Westminster likateketea karibu lote. Vijiti vilikuwa vikavu mno.

Neno la pili, counter, linatokana na Kilatini computare, kuhesabu. Meza ya dukani iliitwa hivyo kwa kuwa juu yake ndipo pesa zilipohesabiwa, na sisi tukaichukua kaunta ikiwa tayari meza. Na score? Hiyo ilitoka kwa watu wa Skandinavia, skor, maana yake ileile chale, na ikawa pia jina la ishirini, kile ambacho Kiswahili kinakiita korija. Maneno mawili yasiyo na undugu, ila yamekutana kwenye idadi moja.

Turudi kiganjani. Kaunta ya chuma ni nusu moja ya kijiti kilichopasuliwa. Inapiga chale, na inazipiga vizuri mno, lakini hakuna kipande cha pili cha kuithibitishia. Malalamiko mengi kwamba "kaunta inadanganya" ukiyafuatilia yanaishia hapo: namba ni moja, shahidi hayupo.

Ndani mna magurudumu manne ya tarakimu, 0 hadi 9, kwenye ekseli moja. Ukibonyeza, ulimi mdogo wa chuma unasukuma jino moja la gurudumu la mwisho kulia, nalo linageuka sehemu moja ya kumi. Ukiachia, springi inarudisha kibonyezo na ulimi unadakia jino linalofuata. Kazi ngumu iko kwenye kuhamisha kumi. Kwenye kaunta nyingi za aina hii, kila gurudumu lina jino moja lililochimbwa kina kuliko mengine, na ulimi una ncha nne zenye urefu tofauti. Gurudumu la kwanza likiwa kwenye 9, ncha yake inazama kwenye lile shimo la kina, na ncha ya jirani ndipo inapofikia meno ya gurudumu la makumi. Bonyezo moja linasukuma mawili kwa pamoja. Kutoka 0999 kwenda 1000 yanasukumwa yote manne, na kidole kinahisi uzito umeongezeka. Uzito huo ni wa kawaida. Usiogope, na usibonyeze kwa woga, maana bonyezo legevu pale ndilo linalozaa namba za ajabu.

Ukijua hilo, makosa ya kifaa yanakuwa mepesi kuyasoma. Namba imekwenda 0008, 0009, kisha 0000 badala ya 0010: shimo la kina limejaa uchafu au ncha imelika, kumi haikuhama. Tarakimu imesimama nusu, juu kipande cha 4 na chini kipande cha 5: hukubonyeza hadi mwisho. Umebonyeza, mlio umesikika, namba haikusogea: hukuachia hadi mwisho, ulimi haukudaka jino. Angalia kwamba makosa haya yote yanapunguza hesabu. Kaunta nzima ya chuma ni shida sana kuongeza yenyewe. Ikikosea, inakosea kwa kupunja. Ya kielektroniki ni kinyume chake. Kibonyezo chake kikichoka, mguso mmoja unasomeka mara mbili, na hesabu inavimba bila mtu kujua.

Kifundo cha kurudisha sifuri ndicho sehemu dhaifu kuliko zote, na hapa watengenezaji hawana utetezi. Hakina kufuli. Kikikwaruzana na nguo mfukoni au kikigongwa na mtu kwenye msongamano, hesabu ya saa nzima imepotea, na haiwezi kurudishwa. Kukizungusha nako kuna adabu yake: upande mmoja tu, ule unaokwenda bila kukaza, polepole, hadi tarakimu zote nne zikae 0 zikiwa zimenyooka kwenye mstari. Ukisimama njiani unaweza kuanza na 0030 bila kujua. Ukikilazimisha kurudi nyuma unavunja meno. Na usibonyeze huku unazungusha.

Hakuna kupunguza. Ukibonyeza mara moja zaidi, namba hairudi. Wasiozoea hujaribu kufidia kwa kuruka kitu kimoja kinachofuata, na dakika mbili baadaye hawakumbuki kama walikwisha kukiruka. Andika tu "toa 1" kwenye karatasi, na uendelee kuhesabu kila kinachopita. Vivyo hivyo 9999 hufuatwa na 0000 bila kengele wala alama yoyote. Anayetarajia kupita hapo aandike alama moja kila inapozunguka.

Kabla ya kununua, jaribu hivi ukiwa umesimama palepale. Irudishe 0000. Tikisa kwa nguvu, gonga kwenye kiganja mara tano. Namba ikisogea, iache. Bonyeza polepole mara 10, ukitazama tarakimu inavyotua; kila moja ikae katikati ya kidirisha, isipande wala kushuka. Kisha bonyeza haraka, ukihesabu kwa mdomo kwa makundi ya kumi, hadi 100. Ikisoma 0099 rudia. Ikirudia kosa, tatizo si kidole chako. Halafu bonyeza nusu, uachie, uone: kaunta nzuri ama inarudi namba ileile ama inakwenda mbele kamili. Ikibaki katikati, kila atakayeishika kwa uchovu atapoteza hesabu. Mwisho zungusha kifundo mara kadhaa kutoka namba tofauti, na kila mara upate sifuri nne zilizonyooka.

Jaribio la 0999 ndilo bora, lakini huwezi kuipandisha namba huko kwa njia ya mkato. Kwa mabonyezo mawili kwa sekunde, 1,000 ni kama dakika nane na sekunde ishirini. Kama kaunta ni ya kazi na si ya kuchezea, zitumie dakika hizo ukishafika nayo nyumbani, kabla siku ya kurudisha bidhaa haijapita.

Vitu vingine vya kuangalia ni vidogo. Kidirisha kiwe na kioo au plastiki, maana kilicho wazi kinaingiza vumbi moja kwa moja kwenye magurudumu. Pete izunguke, isiwe imeganda upande mmoja. Chuma kilichopakwa kromu hudumu kuliko plastiki, si kwa sababu ya ganda la nje, ila kwa sababu fremu ya plastiki hulegea pale ekseli inapoegemea, magurudumu yakaanza kuyumba na ulimi ukakosa jino. Anayetumia mkono wa kushoto aishike kwanza: umbo na kifundo vimepangwa kwa mkono wa kulia, na kwa baadhi ya mikono kifundo hukaa vibaya.

Sasa, namna ya kuirudishia ile nusu iliyopotea.

Chukua magunia yanayopakiwa kwenye lori. Mtu mmoja mwenye kaunta akiwa kwenye lori atapata namba, tuseme 0412, na mwenye mzigo atasema ni 415. Hapo hakuna la kufanya isipokuwa kupakua au kugombana. Weka kaunta mbili: moja mlango wa ghala, moja mlango wa lori, kila mtu na yake, bila kuambiana namba njiani. Kila magunia 50 simamisha, kila mmoja aandike alichonacho kwenye karatasi yake, ndipo muonyeshane. Zikioana, endeleeni bila kurudisha sifuri. Zisipooana, kosa limo ndani ya magunia 50 ya mwisho, ambayo bado yako juu juu na yanaweza kuhesabiwa upya kwa dakika chache. Kwa magunia 415, mmekagua mara nane na kukamilisha 15 ya mwisho. Ni kijiti kilekile, stock kwa mmoja na foil kwa mwingine.

Sharti ni kwamba wawili hao waamue kabla ya kuanza "moja" ni nini. Gunia linahesabiwa likivuka kizingiti, au likitua? Gunia lililopasuka na kurudishwa linahesabiwaje? Kwa watu mlangoni ni hivyohivyo: chora mstari sakafuni, bonyeza mguu unapouvuka. Anayebonyeza akiona uso atahesabu mara mbili aliyechungulia akarudi. Aliyebebwa mgongoni ni mtu au si mtu? Tofauti nyingi kati ya wahesabu wawili wazuri huzaliwa na maswali ya namna hii, wala si vidole.

Palipo na kuingia na kutoka, shika mbili, kulia wanaoingia, kushoto wanaotoka, na waliomo ndani ni tofauti yake. Usijaribu aina tatu au nne za vitu kwa kaunta za mkono za moja moja. Ziko za safu, kaunta kadhaa zikiwa zimefungwa kwenye ubao mmoja, wanazotumia wanaohesabu magari kwenye makutano kwa kutenganisha malori, mabasi na pikipiki. Maabara wanazo zao za kuhesabu seli nyeupe za damu kwa aina, na nyingi hulia jumla ikifika 100, ili macho yasibanduke kwenye hadubini. Huo mlio ni wazo ambalo kaunta ya kawaida ingefaidika nalo sana, na haina.

Vitu vikipita kwa kasi kuliko kidole, acha moja moja. Mabonyezo mawili hadi matatu kwa sekunde ni mwendo ambao mtu anaweza kuuhimili; zaidi ya hapo ndipo nusu-bonyezo zinapoingia. Bonyeza mara moja kwa kila vitano, zidisha mwishoni, na ubakishe kwenye vidole vya mkono wa pili vile ambavyo havijatimia tano.

Je, simu haitoshi? Programu za kuhesabu zipo tele, na zina vitu ambavyo kaunta haina: kupunguza, kuweka saa ya kila mguso, kuhifadhi. Kwa kazi ya mezani zinafaa. Kwa kazi ya kusimama, simu ina ubaya mmoja usiotibika, nao ni kwamba kioo hakina kibonyezo cha kuhisi. Inabidi utazame ili ujue kidole kiko wapi, na ukitazama chini kitu kimepita. Kidole chenye jasho au maji ya mvua kinagusa bure, na anayepiga simu anakukata katikati. Zile pete ndogo za kielektroniki za kuvaa kidoleni ni afadhali, zina tarakimu tano na ni nyepesi, ila kitufe cha kurudisha sifuri kipo milimita chache kutoka cha kuhesabia, na betri yake ya saa huisha bila kuaga. Kaunta ya chuma unaijua hata gizani: kibonyezo kinashuka, kinagonga, kinarudi.

Karatasi na kalamu visidharauliwe. Mistari minne na wa tano kuvukisha juu yake bado ni njia nzuri kwa vitu vinavyopita polepole, na ina sifa ambayo kaunta haina: inaacha alama ya kila hatua. Wachina na Wajapani hutumia herufi yao 正, ambayo huandikwa kwa mikwaju mitano, kwa kazi hiyohiyo. Kaunta inakupa namba ya mwisho peke yake, bila njia iliyofikia hapo. Ndiyo maana anayehesabu kwa saa nyingi aandike namba na saa kila baada ya robo saa. Kifundo kikigongwa, kilichopotea ni robo saa.

Matunzo ni machache. Ikilowa, usibonyeze, ifute, iache ikauke kidirisha kikitazama chini. Ikiingia mchanga, ipulize kwanza, kwani kubonyeza kunasaga punje ndani ya meno. Kibonyezo kikianza kurudi kwa uvivu, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye tundu kibonyezo kinapoingilia, bonyeza mara ishirini hivi, futa yaliyotoka. Tone moja, si matatu. Mafuta mengi hushika vumbi na kugeuka tope kwenye lile shimo la kina, na utaanza kuona 0009 ikifuatwa na 0000. Grisi na mafuta ya kupikia hayafai kabisa. Springi ikikatika, kwenye kaunta ndogo za bei ya chini hakuna kutengeneza, kwa kuwa nyingi zimefungwa kwa kubana ganda bila skrubu.

Kwa anayehesabu kitu kimoja kinachopita mbele yake kwa mwendo wa kawaida, kaunta ya chuma yenye kioo kwenye kidirisha ndiyo ya kununua, na anunue mbili kwa mpigo, za aina moja. Moja peke yake inamtosha anayehesabu kwa ajili yake mwenyewe.